K Mbili, P Mbili, na Mikono Iliyofika Magotini

Mabinti zangu wa chuo cha ufundi, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nyinyi mna haraka na mimi sina, kwa hiyo nimeitikia kabisa ili tuanze kazi.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie maana ya vifupisho vilivyomo kwenye vitabu vya kufumia masweta. Anasema mnalalamika. Mnasema K2tog haisomeki, psso inatia kichefuchefu, na aliyeandika "alt" alikuwa na lake jambo. Mjukuu wangu alinionyesha ujumbe wa mmoja wenu kwenye simu: "cjui 2naanza lini kufuma, naxkia ni ngumu." Mtu anayeandika hivyo ananilalamikia mimi juu ya K2tog. Haya.

Nimefuma masweta ya shule hapa Newala mpaka vidole vikakataa kukunja. Swali lenu la K ni nini niliuliza na mimi, siku yangu ya kwanza kazini. Mwalimu Skola, aliyetufundisha, akanijibu, "K ni K." Nikauliza, na P je? Akasema, "P ni P. Kaa chini."

Nikakaa. Sikuuliza tena kwa miaka miwili.

Jina lake kamili lilikuwa Skolastika, ila hakuna aliyelimaliza. Alifundishwa kufuma na sista mmoja wa kizungu, akabaki na kitabu chekundu cha Kiingereza ambacho ukurasa wa maelezo ulikuwa umechanwa zamani, nadhani na mtu aliyefungia karanga. Kwa hiyo herufi tulikuwa nazo zote, maana hatukuwa nayo hata moja. Wenzangu walishajitafutia maana zao. Mama Hadija, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko sisi sote, alishikilia kwamba K ni "kawaida" na P ni "pindua". Wanawake wa kutoka kijiji cha Mnyambe wakasema K ni "kinyume". Walibishana msimu mzima wa korosho, huku mikono yao ikifuma kitu kile kile.

Maana hapo ndipo pa kushika. K, sindano inaingia kitanzini kwa mbele na uzi unakaa nyuma. P, uzi unakuja mbele na sindano inaingia kwa kurudi. K2tog, unavichukua vitanzi viwili kwa mpigo mmoja, vinabaki kimoja. Psso, kitanzi ulichokiruka unakinyanyua na kukivusha juu ya kichwa cha jirani yake, kisha unakiacha. Sisi tulikiita piso. Mama mmoja wa Mnyambe alipenda neno hilo akampa mbuzi wake. Alikuwa mbuzi wa kawaida.

Ile nyota ndogo ni mahali pa kurudi. Ukiambiwa "rep", unarudi kwenye nyota unafanya tena, mpaka uambiwe acha. Na ile "alt" ni safu moja unafanya, inayofuata unaiacha. Namba za kwenye mabano ni watoto, mdogo anatangulia na mkubwa anafuata. Ukisahau unamfumia mtoto yupi, utapata nilichopata mimi mwezi wangu wa kwanza: mgongo wa darasa la kwanza na kifua cha darasa la saba. Mwalimu Skola alilishika sweta lile, akaligeuza, akaniuliza kama ninamjua mtoto mwenyewe.

Jambo jingine ambalo halimo kitabuni: msimu wa korosho usiguse uzi mweupe. Mafuta ya ganda la korosho yanachubua vidole na kuvitia weusi, na weusi ule unahamia kwenye sweta. Sabuni haiutoi. Tulikuwa tunafuma ya bluu miezi hiyo, na shule zenye masweta meupe zikangoja.

Na vifupisho vikiingia kichwani havitoki, jiandaeni. Baba Tumaini, mume wangu, aliumwa malaria akapewa dawa kwenye bahasha iliyoandikwa 1×3. Nilikaa nayo mlangoni natafuta nyota iko wapi. Tumaini mwenyewe, binti yetu, alipokuwa sekondari alilikuta daftari langu mezani, akadhani ni hesabu za aljebra. Alikaa nalo mchana kutwa. Akaniletea jibu kwamba K ni sawa na nne. Nikamwambia amejitahidi, lakini sweta la namna hiyo halivaliki.

Sasa niwaeleze ya mikono. Mwalimu Skola ameshafariki, na kabla hajafariki aliniruhusu nije niseme, mradi nimseme yeye na mimi mwenyewe pia. Nitajitahidi.

Karakana yetu ilikuwa ghala la zamani la korosho. Sisi wafumaji tulikuwa ishirini na kitabu kilikuwa kimoja. Kwa hiyo Mwalimu alikaa mbele na kitabu, akasoma kwa sauti, na sisi tukafuma kwa pamoja anavyosoma. "Ka mbili! Pi mbili! Repu!" Na sisi tunaitikia, "Repu!" Mtu aliyepita nje alidhani ni maombi. Kitabu hakikuguswa na mtu mwingine. Kazi ikiisha alikifunga kwenye kanga na kuondoka nacho.

Jueni na hili. Mwalimu Skola alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto. Kwetu mnajua mwanamke mtu mzima anaitwaje: Mama Hadija, Mama Tumaini, Mama nani. Yeye hakuwa na wa kuitiwa. Aliitwa Mwalimu. Kwa jina hilo alipishwa kwenye foleni ya maji bombani, na kwa jina hilo vijana walimbebea ndoo. Jina lilitoka kwenye kile kitabu na kile kiti.

Mimi nilikuwa nimeolewa Newala kutoka Masasi, mgeni, na nilikuwa nimefika kidato cha pili. Nilijifunza sindano kwa mama yangu kule Masasi, ambako kwa joto lile kufuma sweta ni kazi ya imani. Basi mwaka huo mwalimu mkuu wa shule moja alikuja kuagiza masweta ishirini yawahi kabla ya baridi ya Juni. Alileta na kitabu kipya, cha kijani, kwa sababu alitaka shingo ya ncha. Akatutazama, akasema mbele ya wote, "Mwalimu Skola umri unakwenda. Akichoka, huyu wa kidato cha pili asome." Mwalimu Skola akasema, "Sawa." Mimi nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi sana, na usiku ule nilimwambia mume wangu mara mbili.

Migongo ilikwenda vizuri. Vifua vikaenda vizuri. Tukaanza mikono.

Mkono wa sweta unaanzia kwenye kifundo, unaongeza kitanzi pembeni kila baada ya safu kadhaa, unapanuka kidogo kidogo mpaka bega. Jumatatu Mwalimu alisoma, tukaongeza. Jumanne akasoma maneno yale yale. Jumatano yale yale. Mkono wangu ulishapita mkono wa mtoto yeyote ninayemjua. Nikamtazama Mama Hadija. Anafuma. Nikawatazama wa Mnyambe. Wanafuma. "Repu!" anasema Mwalimu. "Repu!" wanaitikia.

Alhamisi mkono ulifika kwenye goti langu, na upana wake ulikuwa wa kanzu ya padri. Jamani! Wanawake ishirini wazima na akili zao, kila mmoja na limkono lake mapajani, na hakuna anayekohoa. Nilijua sababu, au nilidhani najua: mtu mzima hakosolewi, tena Mwalimu. Nikajiambia macho yake yamekwisha na anaficha. Na nikaona pia, maana mimi si malaika, kwamba macho yakiisha kiti ni changu.

Jioni nilimfuata nyumbani. Alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Mwalimu, naona kama macho yanakusumbua. Kesho ninashuka Ndanda kwenye hospitali, nina shughuli zangu. Twende wote, wakupime."

Sikuwa na shughuli yoyote Ndanda. Alimenya muhogo mzima. Kisha akasema, "Macho. Haya, twende."

Ijumaa tukateremka mlima mpaka Masasi, tukapanda gari jingine mpaka Ndanda. Uzi wa kanga yake ulikuwa umeachia pembeni. Akatoa sindano, akaitunga ndani ya basi linalorukaruka, mara moja tu ikapita. Ningekuwa na akili ningeshuka hapo hapo nikarudi nyumbani.

Mpimaji wa macho alikuwa mtaratibu. Alimkalisha, akawasha taa kwenye ubao wa herufi. Ile ya juu kabisa ilikuwa na ukubwa wa sufuria.

"Soma ya juu, mama."

Mwalimu akakaza kanga yake.

"Hata hiyo huioni?"

"Naiona."

"Ni nini?"

Mpimaji akashuka mstari wa chini. Kulikuwa na P katikati. "Pi," akasema Mwalimu, upesi. Akashuka mwingine. "Ka," akasema.

"Na hizi nyingine?"

"Hizo hazimo kwenye sweta."

Mpimaji alinitazama mimi, kisha akaugeuza ubao. Upande wa pili hapakuwa na herufi, kulikuwa na alama za miguu mitatu mitatu, na kazi yako ni kuonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi. Juu. Kushoto. Chini. Mwalimu Skola alikwenda mpaka mstari wa mwisho, ambao mimi niliona mchwa tu. Hakukosa hata mmoja.

"Mama, macho yako ni mazuri," akasema mpimaji. "Huyu aliyekuleta ndiye tungempima."

Tulikaa nje tunangoja gari. Alinunua chungwa, akalikata, akanipa nusu.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Mwalimu."

"Sista alinisomea kile chekundu mwaka mzima nikakimeza chote. Namba nazijua. Ka na pi nazijua kwa sura, na repu, na nyota. Hiki cha kijani, migongo na vifua nilivitambua. Kwenye mikono wameweka maneno mengi. Nikarudi pale ninapopajua. Kila siku najiambia leo nitapaona pa kutokea." Alikula chungwa lake. "Jumatatu mwalimu mkuu anakuja kukagua. Nitampa kitabu chake akupe wewe. Umesoma, ni haki yako. Ila mimi, Mama Tumaini, wataniita nani pale bombani?"

Nililia. Mbele ya watu wa stendi nzima nililia, na yeye akanipa kipande chake kilichobaki ili ninyamaze. Nilikuwa nimekitamani kiti kile, na sasa nilikiona kibaya.

Tulilala Ndanda kwa dada mmoja wa ukoo wake, tukarudi Jumamosi. Jumapili sikula. Nilimwapia Mwalimu kwamba sitasema kwa mtu, lakini bila kusema masweta yangekaguliwa yalivyo, na mwalimu mkuu angefungua kitabu. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Mama Hadija nikiwa na uongo nilioutengeneza, kwamba uzi ni mbovu na lazima mikono yote ifumuliwe leo leo. Nilianza kusema. Akainua mkono.

"Uzi una nini?"

Akavuta kikapu chake. Akatoa mikono miwili ya sweta, imekamilika, urefu wa mtoto, upana wa mtoto, kitu cha kupendeza.

"Hii umefuma lini?"

"Jioni. Mchana nafuma wa Mwalimu, jioni nafuma wa Hadija. Nilimpima mwanangu mwenyewe. Wa kwanza niliufuma kwa uzi uliotengwa kwa mkono wa pili, na Jumamosi nikafumua ule mrefu nikapata mwingine. Na kofia ya ziada."

"Peke yako?"

"Peke yangu nini? Wote."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. "Kwa hiyo mlijua kwamba Mwalimu..."

"Mwanangu, zamani aliwahi kutusomea asubuhi nzima kitabu kikiwa juu chini. Na sweta likatoka zuri. Tumjue mara ngapi?"

"Mbona hamkuniambia?"

Akanifikiria. "Wewe ulikuja juzi, na umesoma. Tungekwambia ungemsaidia. Sasa msomi akimsaidia mtu, mji mzima unasikia."

Kikapuni kwangu kulikuwa na mkono mmoja, na ulifika magotini.

Tulipofika ghalani mwalimu mkuu alikuwa ameshafika, anatazama saa. Mwalimu Skola akaingia baada yetu. Alikuwa amevaa kanga mpya na amekishika kitabu cha kijani kwa mikono miwili, kimefungwa vizuri, cha kukabidhiwa. Akasimama mbele ya mwalimu mkuu.

"Nina neno," akasema.

Mama Hadija akamkata kauli. Kumkata kauli mtu mzima, mbele ya mgeni! Sijawahi kuliona hilo kabla wala baada. "Mwalimu, shikamoo! Kabla ya neno lako, mikono iko tayari. Kagua kama tumefuata ulivyotusomea."

Wakaanza kuitandaza mezani. Jozi moja, jozi ya pili, wa Mnyambe nao, mpaka jozi kumi na tisa. Mwalimu Skola aliutazama wa kwanza. Akaupima kwa shibiri. Akapima wa pili. Vidole vyake vilitembea juu ya kila mmoja, na alijua, kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, kwamba hakuna hata mmoja alioufundisha yeye wiki ile. Akawainulia macho. Wote walikuwa wanatazama chini, wanatengeneza nyuzi ambazo hazikuwa na tatizo.

"Mmesikiliza," akasema.

"Kazi safi," akasema mwalimu mkuu. "Hii ndiyo faida ya kusomewa vizuri. Hapa zipo kumi na tisa. Ya ishirini?"

Basi nikatoa wa kwangu. Niliuweka mezani, ukaning'inia mpaka karibu na sakafu. Mwalimu mkuu aliushika kwa vidole viwili akaunyoosha, akatafuta mwisho wake.

"Hii nini?"

Mwalimu Skola akakikaza kitabu kifuani, na nikaona anafungua mdomo kusema ukweli wake wote pale pale, kwa ajili yangu. Nikamwahi.

"Mimi sikusikiliza, mzee. Mwalimu alisoma vizuri, wenzangu wote walisikia. Mimi ndiye niliyekosea."

Mwalimu mkuu aliutazama mkono, akanitazama mimi. "Si wewe wa kidato cha pili?"

"Ndiye mimi."

"Elimu yetu jamani," akasema kwa masikitiko ya kweli. Kisha akamgeukia Mwalimu Skola. "Mama, lile nililosema juu ya huyu kusoma, naomba ulisahau. Kitabu kaa nacho. Na huyu mkalishe mbele, karibu yako, umwangalie. Nina wanafunzi wa namna hii, ukiwaacha nyuma ndiyo wanapotea kabisa."

Mwalimu Skola alikaa kwenye kiti chake. Alikifungua kitabu, akakiweka mapajani, upande wenye picha kwa juu.

"Sogeza kigoda, Mama Tumaini," akasema. "Ufumue huo mkono wako tuanze shingo."

Nikafumua hapo hapo, mbele yao wote. Mkono wenye urefu ule unafumuka kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Mwalimu mwenyewe alipoanza.

Kigoda kile nilikikalia miaka mingi. Maneno marefu nilimsomea kwa sauti ya chini, nikiwa nimeinama juu ya kazi yangu, na yeye akayatoa kwa sauti ya juu, na ishirini wakaitikia. Wageni waliokuja kutukagua walionyeshwa mimi kuwa mfano wa mtu anayejitahidi. Kule bombani Mwalimu Skola walimpisha mpaka siku alipofariki, na jeneza lake walilibeba vijana walewale wa ndoo. Mimi walinipa jina la Mama Mikono. Sokoni Newala wapo wanaoniita hivyo hadi leo, wengine hawajui hata lilitoka wapi, na naitika.